Kupiga Msasa Kitako cha Hitisinki: Tafuta Usawa, Si Mng'aro

Hitisinki ni lile pande la chuma lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa, mara nyingi likiwa na feni. Sehemu yake inayogusana na prosesa ndiyo kitako, na kitako kipya kutoka dukani, kwa macho, huonekana kimenyooka vizuri tu. Simamisha ukingo wa wembe juu yake, kiinue usawa wa macho kuelekea dirishani, na mara nyingi utaona mstari wa mwanga ukipenya katikati au pembeni. Pale mwanga unapopenya, chuma hakitagusa chuma. Kazi ya msasa ni kuuondoa upenyo huo kwa kushusha sehemu zilizoinuka, basi. Ule mng'aro wa kujitazama uso unaosifiwa kwenye picha ni jambo la pembeni, na wakati mwingine unaharibu kazi.

Nazungumzia kompyuta ya mezani, na hitisinki yenye kitako kizima cha shaba nyekundu au alumini. Laptopu nitaitaja mara moja tu, kukwambia uiache.

Faida yake ni ndogo kuliko inavyosimuliwa

Shaba nyekundu hupitisha joto kwa kiwango cha karibu wati 400 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Alumini ni 200 na ushee. Pesti, ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na kitako, ikiwa nzuri, ukiacha kando majigambo ya kwenye boksi, huwa kati ya 4 na 8. Hewa iliyotulia ni 0.026. Yaani pesti huishinda hewa mara 200 hivi, lakini shaba nayo huishinda pesti mara 80 hivi. Kwa hiyo pesti ipo ili kuifukuza hewa kwenye vishimo visivyoonekana. Ikiwa nene mahali ambapo chuma kingeweza kukaribia chuma, inageuka kizuizi.

Tupige hesabu. Prosesa inatoa wati 100, joto linapita kwenye eneo la sentimita 3 kwa 3, na katikati kuna pesti ya kiwango cha 5 yenye unene wa mikroni 50. Unywele wa mtu una kama mikroni 70, kwa hiyo ni tabaka jembamba kuliko unywele. Tabaka hilo linaongeza nyuzi 1 na kidogo. Lakini joto halitoki sawasawa kwenye kifuniko chote cha prosesa. Linatoka kwenye kipande kidogo cha silikoni kilicho chini yake, na wati hizo 100 zikipita zote kwenye sentimita 2 za mraba, tabaka lilelile linaongeza nyuzi 5. Prosesa nyingi ziko katikati ya mifano hiyo miwili. Ndiyo maana mtu anayejua kazi hii hutegemea kupata nyuzi 1 hadi 5, kutegemea kitako kilikuwa kibovu kiasi gani.

Ukimsikia mtu anasema amepiga msasa akashusha nyuzi 15, usimwite mwongo. Inawezekana kabisa zimeshuka. Ila wakati anafungua hitisinki ili aisugue, aliondoa pia pesti iliyokauka kuwa unga na vumbi lililoziba mapezi, akaweka pesti mpya. Msasa ukasifiwa kwa kazi ya pesti na brashi. Kompyuta za ofisini zinazoletwa kwetu zikiwa zimeshatumika Ulaya au Dubai, si ajabu kukuta pesti yake ni ileile ya kiwandani, ngumu na imepasukapasuka.

Basi mpangilio wa haki ni huu: ondoa vumbi, badilisha pesti, kisha upime. Hicho ndicho kipimo chako cha mwanzo. Msasa uje baadaye, na kama baada ya pesti mpya joto limekaa pazuri, una ruhusa ya kuishia hapo.

Namna ya kupima bila kujidanganya

Kwenye Windows soma joto kwa programu ya HWiNFO au Core Temp. Kwenye Linux kuna amri ya sensors inayokuja na lm-sensors. Ingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kompyuta inapoanza kuwaka, uifungie feni kwenye kasi moja, kwa sababu feni ikiachwa ijipangie, itaongeza kasi ili kuficha tofauti unayoitafuta. Ipe prosesa kazi nzito kwa Prime95, stress-ng au Cinebench ya kurudiarudia, kwa nusu saa nzima, mpaka namba zitulie. Weka kipimajoto karibu na pale kompyuta inapovutia hewa, uandike na joto la chumba.

Joto la chumba ndilo watu wengi wanalolisahau. Kama prosesa ilifika nyuzi 78 chumba kikiwa 31, tofauti ni 47. Baada ya msasa imefika 74, lakini umepima usiku, chumba kikiwa 29: tofauti ni 45. Umepata nyuzi 2, si 4. Sisi tunaoishi pwani, ambako asubuhi na mchana wa Februari haviko sawa, namba isiyo na joto la chumba pembeni yake haina maana.

Kuna na prosesa zinazochanganya. Ryzen za AMD za familia ya 7000, zilizotoka 2022, nyingi zimeundwa zipande hadi nyuzi 95 zikipewa kazi nzito na zibaki hapohapo, huku zikiongeza kasi kadiri upoaji unavyoruhusu. Ukiipa hitisinki bora zaidi, joto litabaki 95 na kitakachopanda ni megahazi na wati. Kwa hizo, andika kasi na alama za Cinebench, usiandike nyuzi peke yake.

Hitisinki zisizopigwa msasa

Kabla hujanunua chochote, geuza hitisinki yako utazame kitako. Ukiona mistari ya mirija ya shaba imelazwa ubavu kwa ubavu, na mirija hiyo ndiyo inayogusa prosesa moja kwa moja, kuwa mwangalifu sana au uache. Ndani ya kila mrija kuna maji kidogo yaliyofungiwa bila hewa. Upande wa moto maji huchemka, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka maji na kurudi kwa kufyonzwa na utambi wa ndani. Ukuta wa mrija ni mwembamba, na kiwandani umeshachongwa kuwa bapa. Ukiutoboa, hata kwa tundu usiloliona, maji na ombwe vimekwenda na mrija huo ni chuma tupu kisicho na kazi. Hitisinki yenye chemba ya mvuke, yaani kisanduku bapa kinachofanya kazi kama mirija hiyo, nayo usiiguse, kwa sababu ileile.

Laptopu: hapo hitisinki hugusa silikoni yenyewe bila kifuniko, bamba lake ni jembamba, na kuna sehemu zilizopandishwa na kushushwa makusudi ili zifikie vipande vya kimo tofauti. Badilisha pesti, safisha feni, funga.

Halafu kuna kitako kilichobinuka kwa makusudi, na hapa ndipo miongozo mingi inaporuka. Usawa unaotafutwa ni wa nyuso mbili, kitako cha hitisinki na kifuniko cha prosesa, zikiwa zimeshabanwa. Soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA1700, iliyokuja na prosesa za Intel za kizazi cha 12 mwaka 2021, huibana prosesa kwa nguvu katikati ya pande zake ndefu. Prosesa yenyewe ni ndefu kuliko zilizotangulia, basi inapinda kidogo na kifuniko kinakuwa na bonde katikati. Kitako kilichobinuka kinaingia kwenye bonde hilo. Ukikisawazisha kikawa bapa kabisa, kitalala juu ya kingo mbili na katikati, palepale penye joto, pesti itakuwa nene zaidi ya mwanzo. Utakuwa umefanya kazi ya jioni nzima ili kompyuta ipate joto zaidi.

Watengenezaji wanalijua hilo. Noctua walipotoa NH-D15 G2 mwaka 2024 waliiuza kwa vitako vya aina tatu: cha kawaida, kilichobinuka zaidi, na kilicho karibu na bapa. Kama una LGA1700 na unataka kitako bapa, kwanza badilisha kile kibanio cha soketi kwa fremu ya chuma kama zile za Thermalright au Thermal Grizzly, ambayo husambaza mkandamizo pande zote. Bila fremu, acha kitako kama kilivyo.

Wanaofaidika hasa ni wenye hitisinki za bei ndogo zilizochongwa haraka, ambazo ukipitisha ukucha kwenye kitako unasikia mikwaruzo ya mashine, pamoja na hitisinki za zamani zilizogongwagongwa kwenye masanduku ya mtumba.

Vifaa

Kioo ndicho kifaa cha kwanza. Tafuta kipande cha milimita 6 kwenda juu, milimita 8 au 10 ni bora, ukubwa wa kama sentimita 30 kwa 30. Usinunue kipya. Nenda kwa fundi vioo, kwenye rundo la mabaki, mwombe akuchagulie kimoja na akusugulie kingo zisikukate. Kioo kinafaa kwa sababu ya namna kinavyotengenezwa: tangu Pilkington wa Uingereza walipotangaza njia yao mwaka 1959, kioo cha dirisha huundwa kikiwa kimiminika kinachoelea juu ya bati lililoyeyuka, na kikipoa kinakuwa bapa kuliko meza yoyote ya mbao uliyonayo. Vigae vya sakafuni havifai, vingi vimebinuka.

Msasa uwe wa maji, ule mweusi au wa kijivu wanaoutumia mafundi wa rangi za magari. Maduka ya rangi za magari na ya vifaa vya ujenzi yanauza kwa karatasi mojamoja. Chukua mbili mbili za namba 400, 600, 800 na 1000. Ongeza 240 kama kitako kina bonde kubwa. Angalia mgongoni kama namba ina herufi P mbele. P400 ina chembe za mikroni 35 hivi, P800 mikroni 22, P1000 mikroni 18 na P2000 mikroni 10. Ukipata msasa wa kipimo cha Marekani usio na P, ujue namba 600 yake ni laini karibu sawa na P1200, kwa hiyo usichanganye familia mbili katika mfululizo mmoja.

Vingine unavyo nyumbani: sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa, maka peni, wembe mpya au rula ya chuma, mfuko wa plastiki na gundi ya karatasi (ule utepe wa kunata wa mafundi rangi, masking tape). Cha kusafishia kiwe alkoholi ya isopropili, ya asilimia 99 ukiipata. Ya 70 inafaa pia ukiipa muda ikauke. Jihadhari na spiriti ya duka la dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Baadhi yake huchanganywa mafuta ya nyonyo, na mafuta ndiyo usiyoyataka hapa. Tia tone moja kwenye kioo likauke. Likiacha utando, si yenyewe.

Kufungua

Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki itoke. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa mazabodi, yaani bodi kuu. Chomoa waya wa feni.

Hitisinki ya Intel yenye vishikizo vinne vya plastiki: zungusha kila kichwa robo mzunguko kufuata mshale, kisha kivute juu. Zenye skrubu fungua kwa mshazari, kidogo kidogo. Kwa soketi ya AM4 ya AMD kuna hatari ya peke yake. Prosesa hiyo ina pini chini, na soketi huishika kwa kuikaba tu. Pesti ikiwa ngumu, ukivuta hitisinki wima, prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda. Iendeshe kompyuta kwa kazi nzito dakika kumi au kumi na tano kwanza ili pesti ilainike, uizime, kisha uizungushe hitisinki kulia na kushoto taratibu mpaka usikie imeachia, ndipo uinue.

Usiifute pesti bado. Itazame. Ikiwa imebaki nyembamba, karibu uwazi, katikati, na nene pembeni, pamebanwa vizuri panapostahili. Ikiwa nene katikati na imesukumwa ikaisha kwenye pembe, una bonde, ama kwenye kitako ama kwenye kifuniko. Ikiwa nene upande mmoja tu, tatizo ni namna ilivyofungwa, na msasa hautakusaidia lolote.

Sasa futa, ondoa feni, na uyafunge mapezi kwa mfuko wa plastiki na gundi mpaka kibaki kitako peke yake. Maji ya msasa yana unga wa shaba, na unga wa shaba unapitisha umeme. Ukijificha kwenye mapezi leo, feni itaupuliza juu ya mazabodi kesho.

Kazi yenyewe

Lowesha kioo, laza msasa juu yake, uupapase kutoka katikati kwenda pembeni mpaka hewa yote itoke. Maji yatauvuta ushikamane na kioo. Chini ya kioo weka kitambaa kibichi kisitembee. Usitumie gundi ya kupuliza, inaacha vinundu, na kinundu kimoja kinaharibu usawa wote uliolipia kioo. Juu ya msasa mimina maji kidogo yenye tone la sabuni.

Chora kitako kwa maka peni: mistari mitatu kwenda, mitatu kukatiza, na duara ndogo kila pembe. Kilaze juu ya msasa namba 400, ukivute mara kumi bila kukandamiza, kisha ukitazame. Wino unakusomea sura ya kitako vizuri kuliko wembe. Wino ukifutika pembeni na kubaki katikati, ni bonde. Ukifutika katikati na kubaki pembeni, kimebinuka, na urudi kusoma habari ya LGA1700 kabla hujaendelea. Ukifutika kila mahali kwa pamoja, kitako chako ni sawa tayari. Ruka hadi namba 800, kiguse kidogo kuondoa mikwaruzo, umalize. Ukiona bonde limebaki na wino mwingi hata baada ya kusugua kwa muda kwenye 400, shuka hadi 240. Kukaa kwenye msasa laini ukitarajia uchimbe ni kuchosha mkono bure.

Mkono ndio unaoharibu kazi hii kuliko kitu kingine. Hitisinki ndefu, zile za mnara, ukizishika juu zinayumba kila unapobadilisha mwelekeo, na kila ikiyumba inakula ukingo. Baada ya muda unapata kitako kilichoviringika pembeni, kinang'aa vizuri na hakifai. Ishike chini kabisa, vidole vikigusa ubavu wa kitako chenyewe. Uzito wa hitisinki unatosha. Wewe unaongoza tu. Vuta kuja kwako zaidi ya kusukuma, maana ukisukuma, ukingo wa mbele hujichimbia. Mivuto iwe mirefu na iliyonyooka, isifike mwisho wa karatasi. Baada ya mivuto ishirini hivi igeuze hitisinki robo mzunguko, halafu tena, mpaka irudi ilipoanzia. Kila mtu ana upande anaoukandamiza bila kujijua, na kugeuza kunausambaza ukosefu huo pande zote nne.

Maji yatageuka meusi haraka kwa alumini, ya rangi ya kahawia kwa shaba iliyo tupu. Kama kitako kimepakwa nikeli, mwanzoni ni kijivu, halafu wekundu wa shaba unaanza kuchungulia kwenye pembe. Hiyo si hitilafu. Nikeli ipo kuzuia shaba isibadilike rangi, haisaidii kupoza. Ila ukishaiondoa, sahau habari ya kutumia pesti ya metali kimiminika yenye gali bila matunzo: shaba tupu huifyonza polepole na itabidi uiongeze baadaye. Na kwenye kitako cha alumini usiiweke kabisa, gali huila alumini ikabomoka.

Osha msasa kwa maji kila unapoanza kuhisi unateleza. Alumini ni laini na huuziba upesi kuliko shaba. Usisugue pakavu hata kama maji yanakukera. Vumbi la chuma si la kuvuta kifuani, na chembe zilizong'oka zinachora mifereji.

Chora wino upya kila unapohisi umekaribia. Ukifutika wote ndani ya mivuto mitatu au minne, pembe kwa katikati, kitako kimekuwa bapa. Hapo ndipo kazi ya maana imeisha. Kilichobaki ni kupunguza kina cha mikwaruzo.

Osha kioo, mikono na hitisinki kabla ya kuhamia namba inayofuata, kwa sababu chembe moja ya 400 iliyosafiri hadi kwenye karatasi ya 1000 itachora mstari ambao utarudi nyuma hatua mbili kuufuta. Kwenye kila namba mpya sugua kwa mwelekeo unaokatiza ule wa mwanzo. Mikwaruzo ya zamani ikiisha yote na kubaki mipya tu, hamia nyingine. Namba 400 ndiyo inayokula muda. 600, 800 na 1000 ni za dakika chache kila moja.

Unga wa kung'arishia

Ishia 1000. Ukitaka fika 1500 au 2000 kwa raha yako, hakuna ubaya, ila usitegemee kipimajoto kikuone. Pesti yenyewe ina chembe zake, na mikwaruzo ya namba 1000 ni midogo kiasi kwamba pesti inaijaza bila shida.

Dawa ya kung'arishia shaba, ile ya kusugulia vikombe na vitasa vya mlango, mimi siitumii. Hupakwa kwa kitambaa, na kitambaa ni laini: kinafuata mabonde badala ya kuyakata, na hula kingo kuliko katikati. Pia huacha utando wa nta au mafuta ambao pesti italazimika kukaa juu yake. Mtu akikuonyesha picha ya kitako kinachoakisi meno yake, mwombe akuonyeshe na picha ya rula ikiwa imesimama juu yake.

Kuosha na kurudisha

Osha kitako kwa sabuni na maji ya bomba kikiwa kimeangalia chini, mfuko bado uko kwenye mapezi. Toa mfuko, osha mapezi nayo, kung'uta, kisha ikae mbele ya feni mpaka maji yaliyojificha yakauke kabisa. Futa kitako kwa alkoholi na kitambaa kisichoacha nyuzi, urudie mpaka kitambaa kitoke cheupe. Baada ya hapo usikiguse kwa kidole. Shaba tupu itaanza kubadilika rangi ndani ya siku chache ikiachwa wazi. Chini ya pesti hilo halina madhara.

Futa kifuniko cha prosesa vivyo hivyo, kisha weka pesti ya ukubwa wa punje ya dengu katikati. Sasa nyuso ziko karibu zaidi, kwa hiyo pesti inayohitajika ni kidogo kuliko uliyozoea. Ukiwa na kipande kidogo cha kioo safi, jaribu kwanza: weka pesti kwenye kitako, kandamiza kioo juu yake utazame inavyosambaa. Duara linalokua sawasawa bila mapovu ndilo unalolitaka. Futa, uweke nyingine.

Shusha hitisinki wima, isiteleze. Skrubu zizungushwe mara mbili mbili kwa mshazari mpaka zifike mwisho, usimalize moja ndipo uanze nyingine. Vishikizo vya plastiki virudishwe mahali pake kwanza, kisha vibonyezwe kwa mshazari mpaka kila kimoja kilie. Tazama nyuma ya mazabodi kama vyote vinne vimetokeza. Kimoja kisipoingia, hitisinki inakaa upande na usawa wote ulioutafuta unapotea.

Pima tena kama ulivyopima mwanzo: programu ileile, muda uleule, feni kasi ileile, joto la chumba limeandikwa. Pesti nyingine hutulia baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa, kwa hiyo rudia kesho yake kabla ya kuamua. Joto likiwa limepanda, fungua usome alama ya pesti. Pesti nene katikati maana yake kifuniko cha prosesa ndicho chenye bonde. Nene upande mmoja, ufungaji wako.

Na kifuniko chenyewe?

Kinapigwa msasa pia, na kuna zama kilikuwa jambo la kawaida. Wenye Core 2 Quad Q6600 ya 2007 walikuwa wakiisugua mpaka nikeli iishe, kwa sababu prosesa hiyo ilipenda kuongezwa kasi na kifuniko chake mara nyingi kilikuwa na bonde. Leo ningekifanya kwa prosesa ya zamani tu ambayo ikifa sitalia. Udhamini unakwisha mara msasa unapogusa, na maandishi ya aina ya prosesa yanafutika, kwa hiyo yapige picha kwanza. Njia ni ileile: kioo, maji kidogo sana, 400 hadi 1000. Ziba kwa gundi ya karatasi vile viungo vya dhahabu vya chini, na uishike kwa kingo za ubao wake wa kijani bila kuukunja. Prosesa yenye pini ichomeke kwanza kwenye sponji ngumu au soketi ya bodi iliyokufa, ndipo uigeuze. Na kama ukiinua hitisinki ukakuta hakuna kifuniko na silikoni iko wazi, kama ilivyo kwenye kadi za picha, hapo msasa hauna kazi: silikoni haisuguliwi.